Kabla ya kununua upinde wa kasi, jipime mikono

Namba inayoandikwa kwenye karatasi ya upinde mpya, 335 au 340 au 350 (futi kwa sekunde), si kasi yako. Ni kasi ya mtu mwengine kabisa, mwenye mikono mirefu, anayevuta ratili (paundi) 70 na kupiga mshale mwepesi ambao mwindaji mwenye akili zake hautii kwenye podo. Naanza na hili kwa sababu vijana wetu walioko Marekani huniuliza suala moja tu: "Mjomba, upi una kasi zaidi?" Wa karibuni ni mpwa wangu aliyeko Columbus, Ohio. Ananirushia picha za pinde saa ambazo sisi huku Bububu, Unguja, tumeshalala, na katika kila picha ameizungushia duara nyekundu namba ya kasi. Mengine yote yaliyoandikwa pale hayaoni.

Wananiuliza mimi kwa kuwa kabla ya kurudi nyumbani nilikuwa fundi katika duka la pinde huko huko Ohio. Kazi yangu ilikuwa kuubana upinde kwenye mashine, kubadilisha ugwe, kukata mishale na kumsikiliza mteja anayelalamika kuwa upinde wake mpya "hauendi". Unaenda. Namba ndiyo iliyomdanganya.

Tuelewane kwanza ni upinde gani tunaouzungumza. Si ule wa mti na kamba. Huu ni wa kapi, aliouvumbua Holless Wilbur Allen wa Missouri na kupewa hataza yake mwaka 1969. Aliyewahi kupandisha tanga la jahazi anajua kapi inavyompunguzia mtu mzigo. Ila kapi ya upinde huu si duara, ina tumbo upande mmoja, na wenyewe wanaiita kamu. Inapozunguka, uzito hubadilika mkononi: mwanzo unapanda haraka, katikati unabaki juu, halafu mwisho unaanguka. Upinde wa ratili 60 unaopunguza asilimia 80 unakuachia ratili 12 tu za kushikilia wakati unalenga. Ndiyo maana mtu anaweza kukaa na upinde umevutwa akimsubiri paa ageuke ubavu.

Sasa hiyo kasi. Viwanda hupima kwa kipimo kinachojulikana kama IBO, cha jumuiya ya wawindaji wa pinde ya Marekani (International Bowhunting Organization): nguvu ya ratili 70, mvuto (yaani urefu kutoka mpini hadi ugwe upinde ukiwa umevutwa mpaka mwisho) wa inchi 30, mshale wa greni 350, yaani kama gramu 23 hivi. Hesabu hutolewa kwa futi kwa sekunde. Inchi 30 ni mvuto wa mtu mrefu khasa. Sisi wengi wa visiwani hatufiki huko, na mpwa wangu hafiki kabisa.

Simama umeegemea ukuta, nyoosha mikono pande zote mbili bila kujilazimisha, mtu akupime kutoka ncha ya kidole cha kati cha mkono huu hadi cha mkono ule. Pima kwa inchi, gawa kwa 2.5. Mpwa wangu ana inchi 66, kwa hivyo mvuto wake ni kama inchi 26 na nusu. Hiyo ni hesabu ya kuanzia tu, fundi atarekebisha nusu inchi huku au kule akikuona umesimama. Lakini usikubali mtu akuuzie mvuto mrefu kuliko wako ili upate kasi. Utaona mkono wa mbele umenyooka mpaka kiwiko kimefunga, kichwa kimerudi nyuma kuutafuta ugwe, na ugwe ukiachiwa unakuchapa mkononi. Nimewaona wanaume wazima wakificha mkono uliovilia damu.

Chukua upinde ulioandikwa 340 tuupeleke kwa mpwa. Kila inchi moja inayopungua kwenye mvuto hula kama futi 10 za kasi. Yeye zimempungukia tatu na nusu, basi toa 35. Anaweza kuvuta ratili 60 vizuri, si 70. Toa kama 20. Mshale wa kuwindia paa nataka uwe na greni 420 hivi, na kila greni 3 zinazoongezeka hula kama futi moja. Toa 23 nyengine. Kwenye ugwe wenyewe utafunga kitundu cha kuchungulia, kitanzi cha kuvutia na vipande vya kupunguza kelele, toa tano. Tumebakiwa na kama 257. Hizi ni kanuni za fundi, si mizani ya dhahabu, lakini ukiupitisha upinde wake kwenye mashine ya kupimia kasi hutakuta tofauti ya kushangaza.

Nilipomtumia hesabu hii alinyamaza siku nzima, kisha akaniandikia: "Kwa hiyo ninunue wa 350?" Hapana, baba. Ukinunua wa 350 utapata kama 267. Futi hizo kumi si bure, nitakwambia unazilipia wapi.

Kwanza, tujue kasi inatusaidia nini, maana sisemi haina kazi. Mshale unaanguka tangu unapoondoka kwenye upinde. Tuseme umelenga kwa yadi 30, kama mita 27, kumbe paa yuko yadi 35. Kwa kasi ya futi 260 mshale utapiga kama sentimita 11 na nusu chini ya pale ulipolenga. Kwa futi 300, kama 8 na nusu. Sehemu ya moyo na mapafu ya paa wa kule, yule mwenye mkia mweupe, ina upana wa kama sentimita 20, kwa hivyo ukilenga katikati una sentimita 10 tu za kukosea kwenda chini. Basi kasi imekuokoa hapo, sikatai. Lakini kifaa cha kupimia masafa kwa mwanga wa leza kinaliondoa kosa lote hilo, na bei yake ni ndogo kuliko tofauti ya upinde wa kawaida na upinde wa mbio. Mwenye fedha kidogo aanze na hicho.

Jambo ambalo kasi haiwezi kulisaidia ni masikio ya paa. Vijana wanadhani upinde ukiwa na kasi ya kutosha paa hatawahi kushtuka. Fanya hesabu. Yadi 30 ni futi 90. Mshale wa futi 260 kwa sekunde unachukua kama sekunde 0.35 kufika, wa futi 300 unachukua 0.30. Sauti ya ugwe inafika kwa sekunde 0.08. Sauti inashinda kila mara, na hakuna kiwanda kitakachokuuzia upinde wa kuipita. Paa aliyeshtuka hujiinamisha ili apate nguvu ya kuruka, mgongo unashuka, mshale unampita juu au unampiga pabaya. Dawa yake ni upinde mkimya na paa aliyetulia, si futi 40 za ziada. Na mshale mzito hunyamazisha upinde, kwa sababu unachukua nguvu nyingi zaidi kutoka kwenye ugwe; ile isiyochukuliwa na mshale ndiyo inayobaki kutetemesha upinde na kupiga kelele.

Kwa hiyo dukani usiangalie namba tu, ufunge macho. Nasema kweli. Mwache fundi apige upinde mmoja baada ya mwengine, wote wakiwa na mshale wa uzito mmoja, wewe umegeuka. Utausikia ule unaosema "tak" kavu na ule unaosema "tum" ya chini. Chukua wa pili.

Sasa unalipia wapi ile kasi ya ziada. Pahala pa kwanza ni kamu. Kamu kali inapanda uzito ghafla, inakaa juu muda mrefu, halafu inaanguka kama imekatika. Kule mwisho, pale uzito uliposhuka, nafasi ya kupumzika ni nyembamba. Ukilegeza mkono kidogo tu, upinde unakupokonya ugwe na kutaka kuondoka nao. Dukani, joto la ndani, umevaa fulana, unaivuta bila taabu. Mwezi wa Novemba juu ya mti, umekaa tangu alfajiri, vidole vimekufa ganzi, umevaa koti juu ya koti, ndipo utajua. Mtu aliyezaliwa Unguja baridi ile haizoei, hata akikaa miaka. Misuli haifunguki.

Jaribio langu ni hili: kaa kwenye kigoda, elekeza mshale kwenye shabaha, vuta moja kwa moja bila kuuinua upinde juu kama unayetungua embe. Miguu ikinyanyuka, au upinde ukielekea dari, huo ni mzito kwako. Shusha ratili tano ujaribu tena. Ukishavuta, shikilia. Halafu urudishe taratibu bila kufyatua, maana paa wengi utawavutia kisha wakaondoka zao. Wengi wanaovuta kwa mbwembwe wanaaibika katika kurudisha. Kinamama waliokuwa wakija dukani na pinde za ratili 45 na 50 walikuwa wakirudi na nyama kila msimu, kwa hivyo ratili 70 si kipimo cha uanaume. Sheria ya Ohio yenyewe inataka 40 tu kwa uchache.

Pahala pa pili ni umbali kati ya mpini na ugwe upinde ukiwa umepumzika. Pinde za mbio huwa na inchi sita au chini ya hapo, za kuwindia kwa utulivu huwa na sita na nusu hadi saba. Ugwe ukiwa karibu na mpini unausukuma mshale kwa safari ndefu zaidi, na hapo ndipo kasi inapatikana. Lakini pia mshale unakaa kwenye ugwe muda mrefu zaidi, na kila kosa la kiganja chako linausindikiza. Tena ugwe unakuja karibu na mkono wenye koti nene. Kwa mtu anayeanza nasema sita na nusu au zaidi.

Urefu wa upinde kutoka ekseli hadi ekseli hauna haja ya kukupa usingizi mbaya. Mwenye mvuto wa inchi 26 na nusu atatumia upinde mfupi wa inchi 29 au 30 bila shida, kwa sababu ugwe haukunjiki sana puani mwake. Mtu mrefu ndiye atafute wa 33.

Kuna siri mbili ambazo muuzaji mwenye haraka hakwambii. Kamu nyingi zinarekebishika, tuseme kutoka inchi 25 hadi 30. Kamu hiyo ikiwekwa 26 na nusu inafanya kazi chini ya uwezo wake. Tafuta upinde ambao kikomo cha kamu yake kiko karibu na mvuto wako, pengine 27 au 28. Utapata futi kadhaa bila kuongeza ratili hata moja. Mtu mwenye mikono mifupi hii ndiyo kasi yake halali. Ya pili ni hiyo hiyo kwa upande wa nguvu: kama unataka ratili 60, nunua upinde ambao 60 ndiyo mwisho wake, usinunue wa 70 ukaulegeza. Uliokazwa mpaka mwisho unasukuma vizuri zaidi na mara nyingi ni mkimya zaidi.

Suala la chapa nitalipita. Hoyt, Mathews, PSE, Bowtech, zote zimepita mezani kwangu, na zote zinaua paa. Upinde wa daraja la juu, mtupu bila kifaa chochote, bei yake huvuka dola 1,000. Ule wa kati, uliokuja na vifaa vyake, unamtosha mtu miaka mingi. Ukinunua uliotumika, pitisha pamba ukingoni mwa mikono yake ya juu na chini, yaani zile bapa mbili zinazopinda. Pamba ikinasa, kuna ufa, uache. Muulize mwenyewe kama ulishawahi kufyatuliwa bila mshale. Upinde uliovutwa na kuachiwa mtupu unameza nguvu yake wenyewe: ugwe unaruka kwenye kamu, mikono ya upinde inapasuka, na vipande vinaweza kumrudia aliyeshika. Kwa hivyo nyumbani usimpe mgeni auchezee.

Hatari hiyo hiyo iko kwenye mshale mwepesi mno. Kila ratili ya upinde inataka angalau greni 5 za mshale. Upinde wa 60 basi, mshale usiende chini ya greni 300, na mimi kwa kuwinda naanzia 400. Wale wanaokata mshale ili wapate namba nzuri ya kuwaonesha marafiki wanaukaribia ufyatuaji mtupu pole pole.

Ugumu wa mshale nao una namba yake, 340, 400, 500, na hapa namba ndogo ndiyo ngumu. Ni kipimo cha mshale unavyopinda ukitundikiwa uzito wa ratili 1.94 katikati ya vishikio viwili vilivyoachana inchi 28. Wa 400 umepinda inchi 0.400. Kwa mpwa wangu, ratili 60 na mshale mfupi, utakuwa kati ya 400 na 500. Fundi apige mshale kupitia karatasi iliyowambwa, asome tundu. Tundu safi lenye alama za manyoya matatu, sawa. Karatasi ikichanika kwa upande, bado kazi.

Kwenye chembe, yaani ncha ya mshale, nitakaa kidogo, maana hapa Muislamu ana hesabu yake mbali na ya kiwanda. Hadithi ya Adiyy bin Hatim inajulikana: alimuuliza Mtume (S.A.W.) juu ya mawindo, na jawabu likawa kwamba kilichochomwa na makali kiliwe, kilichouawa kwa kupigwa na ubapa kisiliwe, maana hicho kimekufa kwa kipigo. Kule Marekani wanauza chembe butu za kuwindia sungura. Zinaua kwa kishindo, hazikati. Sungura wa namna hiyo ukimkuta amekufa, mwache. Tia chembe yenye makali hata kwa mnyama mdogo. Bismillahi inasemwa wakati wa kuachia mshale, si wakati wa kuchuna. Ukimkuta bado yu hai, mchinje. Na akiangukia mtoni akafia majini, katika jawabu lile lile imekatazwa kumla, kwa kuwa hujui kama ni mshale uliomuua au maji. Kwa hivyo usipige paa aliyesimama ukingoni mwa maji, hata kama upinde wako una kasi ya umeme.

Chembe ziko za makali yaliyotulia na zile zinazojifungua zikigonga. Zote zinakata. Zile za kujifungua zinapoteza nguvu kidogo katika kufunguka, kwa hivyo mwenye mvuto mfupi nampa zilizotulia, zenye makali mawili au matatu. Kwa kasi ya 257 zitaruka vizuri. Zinaanza ukaidi ukivuka 300, kwa sababu upepo unapata makali ya kusukuma mbele ya mshale. Hilo nalo wanunuzi wa kasi hawaambiwi. Ohio inataka chembe iwe na makali mawili kwa uchache na upana wa robo tatu ya inchi. Zinoe. Ikishindwa kunyoa nywele za mkononi, haijawa tayari.

Kuna wanaoniuliza kama waje nao likizo, wawinde huku. Wasasi wetu wa Unguja wanawinda nguruwe wanaoharibu mashamba, kwa mbwa, nyavu na mikuki, na kazi ile ni ya kikundi ndani ya vichaka vya maweni ambavyo mshale hauna nafasi ya kupita. Paa nunga usimfikirie kabisa, ni mnyama aliyehifadhiwa na wamebakia wachache. Tena ugwe ukikatika, sokoni Darajani hutapata mashine ya kuubana upinde ukaufunga mwengine. Uache Ohio.

Wakati wa kununua, usisubiri Septemba, wiki ya kufunguliwa msimu wa pinde. Fundi atakuwa na foleni mpaka mlangoni na atakupa dakika tano. Nenda mwishoni mwa Februari au Machi, msimu umeshafungwa, pinde za mwaka uliopita zimeshushwa bei na fundi ana nafasi ya kukuvutisha sita au saba. Nenda na koti lako la baridi begani, na usimtajie kasi mpaka akuulize.